Mwalimu Loness Towera Msiska, Aliyerudishwa Kwao

Mchungaji na wazee wa kanisa, chifu wetu na wasaidizi wako, akina mama wa Umanyano wa kanisa letu, walimu wa Kaluwe na wa shule jirani, wanafunzi wa zamani wa hapa na ninyi mliosafiri siku mbili kutoka Thyolo, ndugu na majirani wote, familia ya Msiska imemtuma Gomezgani, mtoto wa pili wa marehemu, asimame mbele yenu ayasome maisha ya mama yake. Tumeyaandika kama tulivyoyaona na kama yeye mwenyewe alivyotusimulia, bila kuyapamba, kwa sababu marehemu alisahihisha madaftari kwa miaka arobaini na hakumpenda mtu anayejaza ukurasa kwa maneno yasiyo na kazi.

Marehemu Loness Towera Msiska alizaliwa tarehe 14 Mei 1947 hapa Kaluwe, katika bonde la Phoka, wilaya ya Rumphi, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu Mzee Wedson Msiska na marehemu Bi. Rhoda NyaGondwe, na nyumba aliyozaliwa ilikuwa pale penye migomba chini ya njia ya kanisani, ingawa leo halijabaki hata jiwe lake. Hakukaa ndani yake muda mrefu, maana mwaka 1949, akiwa na umri wa miaka miwili, baba yake alipata kazi ya ukarani katika shamba moja la chai huko Thyolo, kusini kabisa mwa nchi, akachukua mke na watoto wakahamia huko, na kuanzia siku hiyo marehemu alikua akiuona mlima wa Mulanje kila asubuhi na kukisikia Kichewa kila alikopita. Nyumbani baba alisema Kitumbuka, watoto wakamjibu kwa Kichewa, naye mwishoni akachoka kuwakemea. Kaluwe kwa marehemu ilikuwa jina lililotajwa mezani barua zilipofika, na mahali ambapo babu na bibi walikufa bila yeye kuwajua sura.

Alianza shule mwaka 1954 katika shule ya watoto wa wafanyakazi wa shamba, akaendelea na sekondari ya wasichana ya misheni mjini Blantyre, na mwaka 1965 na 1966 akasomea ualimu, akatoka na cheti cha daraja la kwanza katika hesabu na jiografia. Mwaka 1967 alipangiwa Shule ya Msingi Nampinga, katikati ya mashamba ya chai, akakaa hapo miaka ishirini na miwili, na wa Thyolo mtatusahihisha tukikosea, lakini tunavyojua hakuna mwalimu aliyekaa pale muda mrefu kuliko huo.

Kila mvua zilipokolea na chai ikachipua kwa wingi, watoto walitoweka darasani kwenda kuchuma pamoja na mama zao, na walimu wengi waliliona ni jambo la kawaida, wakafundisha madawati matupu, ila marehemu alitoka saa kumi na mbili asubuhi na rejista kwapani, akasimama njiani kati ya mashamba, akaita majina kwa sauti, moja baada ya jingine, mpaka aliyeitwa aitike kutoka kwenye majani, na mtoto akishaitika mbele ya mama yake na mbele ya msimamizi, ilikuwa vigumu kwake kutofika shuleni. Wasimamizi walimchukia kwa hilo. Mmoja alimshitaki kwa meneja, meneja akamwita Mzee Wedson ofisini na kumtaka amkanye binti yake, naye mzee akajibu kwa upole kwamba binti ni wa serikali sasa, yeye hana uwezo naye, kisha jioni akakaa kibarazani akicheka peke yake mpaka mkewe akamuuliza ana nini.

Miongoni mwa walioitika kutoka kwenye majani alikuwa Wyson Chikopa, mtoto wa mchuma chai, ambaye mwaka 1968 alikuwa darasa la tano na alikuwa ameacha shule mara mbili, marehemu akamrudisha mara mbili, akamkalisha dawati la mbele, na mwaka 1971 akafaulu mtihani wa darasa la nane, wa kwanza katika ukoo wao. Huyo naye alisomea ualimu, na mwaka 1986 akarudi Nampinga akiwa mwalimu mkuu, yaani mkubwa wa kazi wa mwalimu wake mwenyewe. Marehemu hakuona shida. Mbele ya watu alimwita Bwana Mkuu, wakiwa wawili alimwita Wyson, na mgeni yeyote aliyefika shuleni ilibidi asimuliwe habari za Wyson kabla hajaonyeshwa pa kukaa.

Tarehe 12 Agosti 1972 marehemu alifunga ndoa kanisani na Bwana Harry Makwinja, fundi wa mashine katika kiwanda cha chai, mwenyeji wa Thyolo, mtu mpole, mcheshi, aliyeweza kuitengeneza saa kwa kisu cha jikoni. Huko kusini mwanaume huhamia kwa watu wa mkewe, na watoto huwa wa ukoo wa mama, huku kwetu mke huja kwa mume na watoto huwa wa baba, na hawa wawili hawakufuata njia hii wala ile, waliishi katika nyumba ya mwalimu pale shuleni, na kwa miaka kumi na saba hakuna aliyeona neno. Mungu aliwajalia watoto watatu, Ireen mwaka 1973, Gomezgani mwaka 1976 na Mphatso mwaka 1980. Katika rejista za shule na katika karatasi zote za wilaya jina lake lilikuwa Bi. L. Makwinja, na alipofungua kinywa alisema kama watu wa Thyolo, hata wauza nyanya wa sokoni walibishana naye kwa Kilomwe, lugha ya huko.

Mwezi wa pili mwaka 1989 redio ilitangaza agizo la serikali, na wenye umri wetu mnalikumbuka, kwamba kila mwalimu akafundishe katika mkoa aliozaliwa, kwa sababu, ilisemwa, walimu wa kaskazini waliotawanyika mikoa mingine walikuwa wakiwafundisha vibaya watoto wa wenzao kwa makusudi. Marehemu aliisikia habari hiyo akiwa anasahihisha madaftari ya darasa la nane, darasa ambalo mwaka uliotangulia lilikuwa limepeleka watoto kumi na mmoja sekondari, idadi ambayo Nampinga haikuwahi kuifikia kabla ya hapo wala haijaifikia tena, akaweka kalamu chini, akamuuliza mumewe kama amesikia sawasawa, mumewe akazima redio. Zama hizo mtu hakujadili agizo hata na mto wake wa kulalia.

Siku chache baadaye fomu zililetwa mashuleni, kila mwalimu mkuu aandike majina ya walimu wake na mahali walipozaliwa. Katika ofisi ya wilaya hapakuwa na mtu aliyejua kwamba Bi. Makwinja wa Nampinga alizaliwa Rumphi. Katika shule ya jirani, ambayo hatutaitaja, alikuwapo mwalimu wa kike mzaliwa wa Karonga, ameolewa kusini kama marehemu, na mwalimu mkuu wake aliandika Thyolo mbele ya jina lake, akafunga bahasha, na mama yule alifundisha palepale hadi alipostaafu, wajukuu wake wako palepale mpaka leo. Lilihitajika neno moja tu. Mbele ya jina la marehemu, mwalimu mkuu Wyson Chikopa aliandika Rumphi.

Marehemu alipopata barua ya kuhamishwa alikwenda ofisini kwake, akafunga mlango, na mazungumzo yao tunayaandika kama alivyotusimulia, kwa sababu aliyarudia mara nyingi na hayakubadilika hata mara moja.

"Wyson, ni wewe uliyeandika?"

"Madam, fomu iliuliza mahali pa kuzaliwa."

"Na wewe ulijuaje nilikozaliwa mimi?"

"Ulitufundisha mwenyewe, Madam. Darasa la tano, somo la ramani. Ulichora nchi nzima ubaoni, ukaweka nukta huku juu, ukasema, mimi nilizaliwa hapa, nani atanionyesha alikozaliwa yeye?"

Marehemu alimuuliza kama kuna mtu aliyemtisha, naye akajibu kwamba hapana, hajatishwa na mtu, ila aliogopa asije akatokea mtu wa kumtisha. Hapo marehemu akafungua mlango akatoka. Sisi watoto tumelipekua jambo hili kwa miaka mingi tukitafuta alichofaidi, kama ni cheo, kama ni nyumba, kama ni darasa la nane kupewa ndugu yake, na hatukuona kitu. Hakupata chochote. Ingekuwa rahisi kwetu kama angekuwa amepata.

Bwana Makwinja alisema mkewe atangulie na watoto wawili wadogo, Ireen amalize sekondari Blantyre, naye atafuata kiwanda kikipata fundi mwingine, na maneno yake ya mwisho, akiwa ameshika ubao wa lori, yalikuwa, "Pasaka nitakuwa huko, mama Ireen, wekeni kuku." Pasaka ilikuwa wiki mbili mbele. Lori liliondoka Jumamosi ya tarehe 11 Machi 1989, na kwa kuwa mwenyekiti wa chama alikuwa amepita nyumba kwa nyumba kuonya kwamba atakayelia atahesabiwa anapinga agizo, wanafunzi wa Nampinga walijipanga kando ya njia kimya kabisa, zaidi ya mia tatu, hakuna aliyepunga mkono, na wakati lori linapita marehemu alisikia sauti moja ya mtoto wa kike ikisema "Nipo", kama wanavyoitika kwenye rejista, kisha nyingine, kisha nyingine, mpaka lori likapinda kona. Katika yote aliyopitia, hili ndilo ambalo hakuweza kulisimulia hadi mwisho, kila mara alinyanyuka akaenda kutafuta kitu jikoni.

Hapa Kaluwe alipokewa na baba zake wadogo kwa heshima, akaambiwa karibu nyumbani, na kila aliyekuja kumsalimu alimwambia karibu nyumbani, na yeye hakumjua hata mmoja wao. Tuseme ukweli wetu pia, kwa sababu si wa kusini peke yao waliomkosea. Walimu waliorudishwa walikuwa wengi kuliko madarasa, Kaluwe ilikuwa na vyumba sita na walimu kumi na watatu, na kwa muhula mzima marehemu hakupewa darasa, alikaa chini ya ukuta wa stoo pamoja na wenzake wanne wakipiga mistari kwenye madaftari ya maandalio ya masomo ambayo hawakuyafundisha, na huko Nampinga darasa la nane lilimaliza mwaka bila mwalimu wa hesabu. Alipopewa darasa la pili, Kitumbuka chake kilikuwa cha mtoto wa miaka miwili. Wazazi wengine walisema serikali imetuletea Mchewa, wakawahamishia watoto kwenye chumba cha mwalimu mwingine, na kisimani wanawake walimwigiza anavyotamka, yeye akiwa amesimama hapohapo na ndoo yake. Baadhi yenu mnakumbuka, na baadhi yenu mlicheka.

Aliyemwokoa ni mtoto wa miaka minane, Tiwonge Kumwenda, ambaye leo ndiye mwalimu mkuu wetu wa Kaluwe, alinyoosha kidole katikati ya somo na kusema, "Mwalimu, hatusemi hivyo." Darasa lote likangoja fimbo. Marehemu alimpa chaki, akamwambia, "Basi njoo useme mnavyosema," na kuanzia siku hiyo, kila alasiri, mwalimu alikaa kwenye dawati na Tiwonge akasimama ubaoni, na mtoto yule hakuwa na huruma, alimrudisha nyuma kwa kila neno, mpaka mwaka ukaisha na wanawake wa kisimani wakakosa cha kuigiza.

Bwana Makwinja hakuja Pasaka ile. Alikuja Agosti 1990, akakaa siku nne, hakujua lugha, wanaume wa ukoo hawakumwita mkwe kwa sababu hakuwahi kuja kwa desturi yetu, walimpa kiti mbali na cha wenzake, na watoto walimwona baba yao akitengeneza saa za watu ambao hata hawakumuuliza jina. Siku ya tano aliondoka na basi la asubuhi. Barua zikawa tatu kwa mwaka, kisha moja, na mwaka 1992 Ireen aliandika kwamba baba ana mwanamke ndani ya nyumba. Hatumtukani mzee wetu, naye ametangulia, alifariki mwaka 2009. Hakuwa mtu mbaya, alipewa mzigo ambao hakuutaka, akautua.

Serikali ilipobadilika mwaka 1994 lile agizo lilikufa bila hata kutangazwa kwamba limekufa, na marehemu alipakia nguo chache mwezi Agosti akaenda Thyolo, akiwa na barua ya maombi ya kurudi Nampinga ndani ya mkoba, imeandikwa, imesainiwa, imebaki kupelekwa wilayani. Mke mpya wa Bwana Makwinja alimkaribisha vizuri, akamwita dada, akampikia chai katika birika ambalo marehemu alilinunua mwenyewe mwaka 1974, na mtoto mdogo wa nyumba ile, ambaye alikuwa na pua ya Mphatso, alikuja akamkalia mapajani. Alikunywa chai, akashukuru, akalala kwa rafiki yake mmoja, kesho yake akapanda basi. Ile barua tumeikuta wiki hii ndani ya Biblia yake, haijafunguliwa tangu ilipofungwa.

Kuanzia hapo alifanya kazi kama mtu aliyefungiwa na kazi yake. Mwaka 1996 alikuwa mwalimu mkuu msaidizi wa Kaluwe, mwaka 2001 mwalimu mkuu, na mafanikio ya shule katika miaka ile mnayajua, wauguzi, walimu na mhandisi mmoja wa maji waliotoka katika vyumba vile sita. Alistaafu Mei 2007, na kwa kuwa hakujua kukaa, aliwakusanya akina mama wa Umanyano kila Jumatano akawafundisha kusoma, wengine wao ni walewale wa kisimani, na hakuwahi kuwakumbusha. Alikuwa mkali. Hakucheka ovyo. Kiatu kisichofungwa kamba kilimuudhi kuliko tusi. Wajukuu wake saba walimwogopa mpaka walipofika umri wa miaka kumi na kitu, ndipo wakagundua kwamba kila alichokuwa akiwakataza alikuwa amekifanya mwenyewe.

Mwaka 2016 Bwana Wyson Chikopa, akiwa naye amestaafu, alipata namba yake ya simu, akampigia. Marehemu alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamuuliza kama mvua zimeanza huko, akamuuliza habari za miguu yake, akamuaga. Tulipomuuliza alikuwa nani, alijibu, "Mwanafunzi wangu."

Maradhi yalianza mwaka 2019, shinikizo la damu kwanza, kisha mafigo, akatibiwa katika hospitali ya wilaya na baadaye Mzuzu, na kuanzia Januari mwaka huu alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki, safari aliyoichukia kwa sababu ilimkosesha Jumatano zake. Mwishoni mwa Mei madaktari walituambia bila kutuficha. Katika siku hizo wanafunzi wake wa zamani wa Nampinga walimtumia salamu kwa simu ya Ireen, wakasema wamekubaliana, Mungu akipenda kumchukua, waje wamchukue wakamzike Nampinga, ndani ya uwanja wa shule, wamjengee kaburi zuri lenye jina lake. Ireen alimsomea salamu zile kitandani, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alifikiri hakusikia.

Marehemu Loness Towera Msiska alifariki dunia Jumatano ya tarehe 7 Juni 2023, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini na sita, watoto wake wote watatu wakiwa kando yake.

Jana mchana basi la wageni wetu lilifika, watu hamsini na wawili, wengine wamezeeka kuliko sisi, na mbele yao alikuwa Bwana Chikopa, aliyesimama mbele ya Mzee Yakobo Msiska, mdogo wa mwisho wa marehemu, na mbele ya wazee wote, akaomba mwili. Alisema Nampinga ndipo alipotoa ujana wake, kaburi limeshachimbwa, chifu wa kule ameridhia, na wao wameona wamrudishie mama yao haki yake. Alisema vizuri, kama alivyofundishwa. Baadhi ya wazee waliona maneno yale yana heshima kubwa na walielekea kukubali, na Mzee Yakobo alisema watoto wa marehemu ndio waulizwe. Dada yetu Ireen alisimama. Hakupandisha sauti.

"Baba Chikopa," alisema, "tunawashukuru. Nilimsomea mama salamu zenu hospitalini, na jibu lake nimelibeba mwenyewe. Alisema, waambie nashukuru, wamenikumbuka. Alisema, mara ya kwanza walinihamisha bila kuniuliza, safari hii wameniuliza, basi jibu ni hapana. Nimechoka kuhamishwa. Ndivyo alivyosema, sijaongeza wala sijapunguza."

Kwa hiyo tunamzika hapa. Asije mtu akasema marehemu alichagua Kaluwe kwa sababu damu humvuta mtu kwao, redio ilisema hivyo mwaka 1989 na haikuwa kweli wakati ule. Kwao palikuwa Thyolo, akanyang'anywa. Hapa alipajenga kwa mikono, neno kwa neno, kwa kufundishwa na mtoto, akiwa na miaka arobaini na miwili, baada ya kupoteza mume, nyumba na darasa, na kaburi lake liko upande wa chini wa kanisa kwa kuwa ndipo alipofika nguvu zilipomwishia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya na wa Mzuzu, hasa wale wa chumba cha kusafishia damu waliovumilia kusahihishwa mwandiko wao kwenye kadi. Tunawashukuru majirani waliopika, waliochota maji na waliolala nasi matangani, akina mama wa Umanyano waliomwogesha na kumvika, Mwalimu Mkuu Tiwonge Kumwenda aliyekuwa binti kwake kuliko tulivyojua kuwa watoto, walimu wote waliofanya kazi naye, na wanafunzi wa Nampinga kwa safari ndefu, kaburi mlilolichimba kule tunaomba mlifukie kwa sala. Bwana Chikopa ameomba kushika jeneza. Jeneza litabebwa na wanafunzi wa Kaluwe, na yeye ataweka udongo kwa zamu yake, pamoja na wengine.

Limebaki jambo moja. Mchungaji, kwa nia njema, alituomba tuandike mwishoni kwamba marehemu aliwasamehe wote waliomkosea, kama ilivyo desturi, na tulikuwa tumeshaandika, kisha tukafuta. Siku mbili kabla hajafa tulimuuliza, tukimtaja kwa jina Bwana Chikopa, na kwa jina baba yetu, kama amewasamehe. Alitutazama mmoja mmoja, akili yake ikiwa timamu kabisa, akageukia ukutani, akaomba maji. Tulimpa maji. Hakusema ndiyo, wala hakusema hapana, na sisi si watu wa kumjibia mtihani wake.

Lala, Mama, mwili wako upumzike.